Ulimi Hupima Moshi, Haupimi Sumu

Haya ni mazungumzo yetu ya redioni ya wiki hii, tunayoyachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.

WAHENGA wa pwani walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii tumezoea kuwapiga nayo watu wanaolewa sifa, lakini leo naomba tuichukue kwa maana yake ya kwanza kabisa, yaani maana ya kinywaji. Ndani yake mna watu wawili: mgema anayeuza, na mnunuzi anayeonja kisha akatoa hukumu. Mnunuzi akisifu ovyo, kesho atauziwa maji. Kuonja, basi, ni kazi, na kazi hiyo ina matokeo.

Nataka tuzungumzie jinsi ya kuonja na kupima pombe kali iliyo changa, hasa ile yenye harufu ya moshi. Najua wapo wasomaji wengi ambao dini zao haziruhusu pombe, na wapo walioiacha kwa sababu ya afya. Sina nia ya kumshawishi yeyote anywe. Hata hivyo, asiyekunywa naye ana ndugu, ana kijana, ana jirani anayekunywa, na mwishoni ataona kwamba jambo hili ni la uhai wa watu.

Tuanzie nyumbani. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro unaingia Kibaha, na huko ndiko liliko eneo la Zegereni, ambalo siku hizi linatajwa zaidi kwa habari za viwanda. Ukishika upande wa kusini unaingia Kisarawe. Hii ni nchi ya Wazaramo, nchi ya minazi, mikorosho na miembe, na kwa hiyo ni nchi ya tembo tangu enzi za mababu. Mgema hukwea asubuhi na jioni, akakata kwa kotama kipande chembamba cha karara, kisha akaning'iniza kibuyu chini yake. Utomvu unaodondoka ni mtamu, kwa kuwa umejaa sukari. Lakini hamira ya asili, iliyomo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe, huanza kazi palepale. Baada ya saa chache utomvu umekuwa mweupe kama maziwa na umepata kilevi. Ukiachwa hadi kesho yake, unaelekea kuwa siki.

Kwa maneno mengine, umri wa tembo huhesabiwa kwa saa. Mnywaji mzoefu hutazama kwanza: je, linachemka lenyewe kwa vipovu vidogo, au limetulia kama maji ya mchele? Kisha hunusa, kwa sababu siki hutangulia kufika puani kabla ya kufika ulimini. Mwisho huonja, na hapo huamua kama utamu ule ni wa mnazi au ni wa sukari ya dukani iliyokorogwa katika maji. Hajasoma popote, lakini anafuata utaratibu uleule wa macho, pua na ulimi unaofuatwa na waonjaji wanaolipwa mishahara mikubwa huko Ulaya.

Sasa tuvuke bahari. Katika baadhi ya baa na maduka makubwa ya miji yetu zinaonekana chupa za wiski kutoka kisiwa kimoja cha Uskoti kiitwacho Islay. Mtu akifungua chupa hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ameuziwa dawa ya kusafishia vidonda. Inanuka moshi, inanuka iodini, inanuka kamba ya mashua iliyolowa maji ya chumvi. Na bei yake haishikiki. Watu huuliza, na nadhani ni swali la haki: inakuwaje kinywaji chenye harufu ya jiko kisifiwe dunia nzima, wakati hapa kwetu kinywaji ambacho sheria yenyewe inakiita moshi kinampeleka mtengenezaji mahakamani?

Ili tujibu swali hilo ni lazima kwanza tujue moshi huo unaingiaje ndani ya chupa.

Wiski hiyo hutengenezwa kwa shayiri. Shayiri hulowekwa, ikaachwa ichipue kidogo, halafu ikakaushwa ili isiendelee kuota. Hicho ndicho kimea, na hakuna mwanamke wa Kichaga anayepika mbege ambaye atahitaji kuelezwa kimea ni nini, maana yeye hufanya vivyo hivyo kwa ulezi. Tofauti iko katika kukausha. Islay ni kisiwa chenye upepo na miti michache, na kwa karne nyingi watu wake walipikia na kuota moto wa mboji ya kinamasi. Mboji hiyo ni majani na mizizi iliyooza nusu nusu ndani ya maji kwa maelfu ya miaka. Huchimbwa vipande kama matofali, hukaushwa juani, kisha huchomwa. Majirani zetu wa Rwanda wanayo pia, na huko Gishoma wamejenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa kuichoma.

Mboji ikiungua polepole hutoa moshi mzito, na moshi huo hung'ang'ania maganda ya kimea kikiwa bado kibichi. Kemikali zinazobeba harufu hiyo huitwa fenoli. Wenye viwanda huzipima katika kimea kwa hesabu ya sehemu kwa milioni. Kimea cha Laphroaig huwa na takriban 40 hadi 45. Cha Ardbeg huwa kama 55. Octomore, inayotengenezwa na kiwanda cha Bruichladdich, kwa kawaida huvuka 100, na toleo lake moja lilitajwa kufikia 309. Lakini msomaji asidanganyike na namba hizo. Ni kipimo cha kimea kabla hakijapikwa. Sehemu kubwa ya fenoli hupotea njiani, na kinachobaki ndani ya chupa ni kidogo kuliko namba inavyotangaza.

Baada ya hapo kimea husagwa, huchanganywa na maji ya moto, hutiwa hamira kikachachuka, na ile pombe hukenekwa mara mbili katika mitungi mikubwa ya shaba. Kinachotoka ni cheupe kama maji, chenye kilevi kama asilimia 70. Hakijawa wiski bado. Sheria ya Uingereza ilianza mwaka 1915 kulazimisha pombe hiyo ikae kwanza kwenye mapipa, na mwaka uliofuata muda ukawekwa kuwa miaka 3. Mpaka leo wiski ya Uskoti haiwezi kuitwa kwa jina hilo bila kukaa miaka 3 katika mapipa ya mwaloni, wala haiwezi kuuzwa ikiwa chini ya asilimia 40 ya kilevi.

Hapa niondoe na kosa moja la kawaida. Chupa hizo huandikwa kuwa ni wiski ya kimea kimoja. Wengi hudhani maana yake ni aina moja ya nafaka au pipa moja. Sivyo. Maana yake ni kwamba yote imetoka katika kiwanda kimoja, kwa kimea cha shayiri peke yake. Ndani ya chupa moja panaweza kuwa na mapipa mengi ya umri tofauti, na umri unaoandikwa nje ni wa lile lililo changa kuliko yote.

Kwa nini basi watu watake wiski changa, ya miaka mitano hivi, wakati tumezoea kusikia kuwa ya miaka mingi ndiyo bora? Sababu ni kwamba moshi nao huzeeka. Kadiri wiski inavyokaa katika pipa, makali ya moshi hupungua na utamu wa mti huongezeka. Anayetaka moshi wenye nguvu huitaka ingali changa. Octomore kwa kawaida huuzwa ikiwa na miaka mitano tu. Kiwanda cha Kilchoman, kilichoanzishwa mwaka 2005 hukohuko Islay, kilitoa wiski yake ya kwanza mwaka 2009 ikiwa na miaka mitatu, na wanunuzi waliigombania. Ipo pia sababu ya mfukoni. Kila mwaka kama asilimia 2 ya pombe hupotea hewani kupitia mbao za pipa, na fedha ya mwenye kiwanda inakaa imefungwa humo. Kuuza mapema ni faida.

Sasa tufike kwenye kuonja. Chukua glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, ili harufu isitawanyike. Mimina kidogo, robo ya toti inatosha. Usiidumbukize pua kama unayenusa marashi, maana kilevi cha asilimia 50 au 60 kitaifisha ganzi pua yako na hutanusa tena kitu kwa dakika kadhaa. Isogeze glasi taratibu, mdomo ukiwa wazi kidogo, unuse mara mbili tatu, upumzike, kisha urudie. Harufu ya kwanza itakuwa moshi, na mtu asiye na subira huishia hapo akasema, hii ni kali, au hii ni kali mno. Mwonjaji hasubiri moshi. Anasubiri kinachokuja nyuma yake.

Halafu weka maji, matone machache. Wako wanaodhani kutia maji ni uoga. La hasha. Wachanganyaji wa viwandani hushusha wiski hadi karibu asilimia 20 ya kilevi wanapoinusa kazini. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Linnaeus huko Sweden walieleza sababu: molekuli za guayakoli, mojawapo ya kemikali zinazobeba harufu ya moshi, hukaa karibu na uso wa kinywaji pale kilevi kinapopunguzwa kwa maji, na hivyo hufika puani kwa urahisi zaidi. Maji hayaui ladha. Yanaifungua.

Kisha onja tone, ulizungushe mdomoni, umeze au uteme. Waonjaji wa kazi hutema, na wengi wao hunusa tu bila kuonja kabisa, kwani mlevi hawezi kuwa hakimu. Jiulize maswali matatu. Kwanza, je, ulimi umechomwa tu, au umepata ladha? Pili, je, moshi umesimama peke yake, au una wenzake, kama vile utamu wa shayiri, ukakasi wa ngozi ya limau, chumvi, vanila ya pipa? Tatu, baada ya kumeza, ladha inabaki kwa muda gani, na inabaki ikiwa nzuri au inageuka kuwa uchungu wa majivu?

Uchanga una alama zake. Wiski changa mno hunuka unga mbichi uliokandwa, pea lisiloiva, na spiriti. Mwili wake huwa mwepesi na kilevi hupanda puani peke yake, kama mtu aliyeachana na wenzake njiani. Rangi usiitegemee, kwa sababu sheria ya Uskoti inaruhusu kutia rangi ya karameli, na chupa yenye rangi ya asali yaweza kuwa na umri uleule wa chupa yenye rangi ya majani makavu.

Na hapa ndipo penye hila. Moshi mwingi huficha uchanga. Ni sawa na mchuzi wenye pilipili nyingi. Mpishi hodari hutia pilipili ili kumsindikiza samaki mzuri, na mpishi mwingine hutia pilipili ileile ili asijulikane kuwa samaki amelala. Mlaji anayesifu ukali wa pilipili tu hawezi kumtofautisha huyu na yule. Kwa hiyo hukumu ya haki juu ya wiski changa ya moshi ni hii: uondoe moshi mawazoni, halafu uulize kama kinachobaki kingestahili kunywewa. Kama jibu ni ndiyo, uchanga wake ni sifa. Kama jibu ni hapana, umenunua moshi kwa bei ya wiski.

Baada ya kusema hayo turudi Pwani, kwenye ule moshi wetu.

Kinywaji ambacho wengi tunakiita gongo kina majina mengi: piwa, machozi ya simba, supu ya mawe. Wakenya hukiita chang'aa, Waganda waragi, Wakongo lotoko, Wanyarwanda kanyanga. Katika sheria ya Tanzania jina lake ni moshi, na sheria yenyewe ni ya mwaka 1966, inayohusu utengenezaji na ukenekaji wa moshi. Sheria hiyo iliweka mlango wa leseni na kufanya kosa la jinai kutengeneza, kuuza au kuwa na kinywaji hicho bila kibali. Tembo la mnazi halimo humo, kwa sababu tembo halikenekwi, nalo husimamiwa na sheria ya vileo ya mwaka 1968. Baada ya ile sheria ya moshi kilianzishwa kiwanda cha Tanzania Distilleries, na hapo ndipo Konyagi ilipochukua nafasi ya kinywaji kikali halali cha mwananchi.

Mpishi wa gongo hufanya kwa pipa na bomba kile ambacho Mskoti hufanya kwa mtungi wa shaba. Kwa ukanda wetu, msimu wa mabibo ya korosho ukifika, mabibo hukamuliwa yakachachuka. Wengine hutumia maembe, ndizi au sukari. Pipa huwekwa motoni, mvuke hupita katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi, na upande wa pili yanadondoka matone. Watu wa Islay wa karne ya kumi na nane walipika hivyohivyo, tena wakijificha watoza ushuru.

Lakini harufu ya moshi katika gongo ni habari nyingine kabisa. Nilieleza kuwa katika wiski moshi huingia kwenye nafaka kabla ya kuchachuka, kwa makusudi, na moto wa jikoni haugusi kinywaji. Katika gongo moshi wa kuni haupaswi kuingia popote, maana pipa limefunikwa. Ukionja gongo yenye ladha ya kuungua, maana yake machicha yameshika chini ya pipa na kuungua. Ukisikia harufu ya mafuta au ya dawa, pipa lile lilibeba dizeli au kemikali kabla ya kupewa kazi ya kupika. Na kama bomba limetokana na rejeta ya gari, viungio vyake vinaweza kuwa na risasi, na risasi haina harufu wala ladha ya kukuonya.

Wanywaji wa gongo wana vipimo vyao, na si vya kudharauliwa vyote. Kipo cha kuitikisa chupa na kuangalia mapovu: yakiwa makubwa na kupasuka upesi, kilevi ni kingi. Kipo cha kuwasha kibiriti: ikishika moto, ni kali. Waingereza nao walikuwa na cha kwao. Inasimuliwa kuwa mabaharia walilowesha baruti kwa ramu na kuiwasha, na baruti ikikubali kuwaka ramu ilihesabiwa imethibitika. Kiwango hicho ni kama asilimia 57 ya kilevi. Vipimo hivi vyote, vya kwetu na vya kwao, vinajibu swali moja tu: kilevi ni kingi kiasi gani? Havisemi ni kilevi gani.

Naomba msomaji ashike hapo, kwa sababu hapo ndipo watu wanapopoteza maisha.

Kilevi cha kawaida ni ethanoli. Anaye ndugu yake aitwaye methanoli, ambaye hutumika viwandani katika viyeyusho, rangi na kemikali nyingine. Ndugu hawa wawili wamefanana kupita kiasi. Wote ni weupe kama maji. Harufu zao zinakaribiana. Ladha zao zikichanganywa hazitenganishiki kwa ulimi wa binadamu. Wote huwaka moto, na wote hulewesha. Ile imani kwamba rangi ya mwali wa kibiriti huonyesha sumu si ya kuaminika, hasa vinapokuwa vimechanganywa. Mwonjaji aliyebobea wa Islay, mwenye pua ya miaka thelathini kazini, hana msaada mbele ya methanoli kama asivyo na msaada kijana wa kijiweni.

Tofauti yao huonekana tumboni mwa mtu, tena kwa kuchelewa. Ini huigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, na asidi hiyo hushambulia mshipa wa fahamu wa jicho na kuichafua damu. Kiasi cha mililita 10 tu, vijiko viwili vya chai, kinaweza kumpofua mtu. Mililita 30 zinaweza kumuua. Dalili huja baada ya saa 12 hadi 24, na huchelewa zaidi kama mtu alikunywa na pombe ya kawaida, kwa kuwa ini hushughulika kwanza na ethanoli. Ndiyo maana mlevi hulala vizuri, akaamka na kichwa kinachouma, akadhani ni uchovu wa pombe kama siku zote, akarudi kulala.

Methanoli hiyo hutoka wapi? Matunda yakichachuka hutoa kiasi kidogo, na kumwaga matone ya kwanza, kama wafanyavyo wapishi waangalifu, husaidia kuondoa harufu mbaya ingawa hakuiondoi yote. Lakini vifo vya halaiki tunavyovisikia kwa kawaida havitokani na mabibo wala maembe. Vinatokana na mtu aliyeona njia ya mkato, akanunua au akaiba methanoli ya viwandani, akaiongeza ndani ya pipa ili kinywaji kiwe kingi na kikali kwa gharama ndogo. Huyu ni mgema wa methali yetu aliyekwenda mbali zaidi. Yule wa kwanza alitia maji. Huyu ametia sumu, na wateja wamemsifu kwa ukali.

Mifano haiko mbali. Novemba 2000, katika mitaa ya mabanda ya Nairobi, watu zaidi ya 130 walikufa na wengine wakapofuka baada ya kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli. Mwaka 2005 msiba ukatokea tena Machakos. Mwaka 2010 ilikuwa zamu ya Kabale, kusini magharibi mwa Uganda, ambako makumi ya watu walikufa kwa waragi yenye methanoli. Mei 2014 Kenya ikapoteza tena watu zaidi ya 60 katika kaunti kadhaa kwa siku chache. Mwanzoni mwa mwaka 2024 watu wengine 17 walikufa Kirinyaga.

Ninaitaja Zegereni kwa sababu hiyo. Sisemi kuna kiwanda chochote kinachovujisha kemikali, wala sina sababu ya kusema hivyo. Nasema kwamba mahali popote Afrika Mashariki ambapo viwanda, vibarua wa kipato kidogo na upikaji wa pombe wa siri vinakutana, masharti ya msiba yanakuwa yamekamilika. Kijana aliyetoka zamu usiku, mwenye shilingi chache mfukoni, hataulizia wiski ya Islay. Tangu Machi 1, 2017, pombe kali ya viroba vya plastiki ilipopigwa marufuku nchini, hana tena kile kipakiti cha bei ndogo. Marufuku ile ilikuwa na sababu nzuri, hasa kwa watoto wa shule, lakini kiu ya mtu wa mfuko mdogo haikufutwa kwa tangazo.

Tufanye nini? Kwa mnywaji, la kwanza ni kwamba chupa ikifungwa kiwandani iwe na alama ya ubora ya TBS na stempu ya kodi ya TRA, ambayo tangu mwaka 2019 ni ya kielektroniki na inaweza kuhakikiwa kwa simu. Chupa ya bei ya ajabu, yenye kifuniko kilicholegea au lebo iliyobandikwa upande, iacheni mezani. La pili, asiwepo wa kumwachia mlevi alale peke yake kesho yake. Akilalamika kuwa anaona ukungu mweupe, au anatapika, tumbo linamkata na anahema kwa kasi, huyo hana uchovu wa pombe. Apelekwe hospitali mara moja, na kwa mtu wa Kibaha hospitali hiyo ni Tumbi. Daktari aambiwe wazi alikunywa nini na saa ngapi, bila kuogopa polisi. Tiba ipo: zipo dawa za kuizuia ini isitengeneze asidi ile, na damu inaweza kusafishwa kwa mashine. Lakini tiba hiyo hukimbizana na saa.

Kwa serikali, nadhani wakati umefika wa kuisoma upya ile sheria ya 1966. Kenya ilipiga marufuku chang'aa mwaka 1980, ikashuhudia misiba niliyoitaja, na mwaka 2010 ikaiondoa marufuku hiyo na kuweka masharti ya leseni, vipimo na chupa. Misiba haikukoma, kama tulivyoona, maana leseni bila ukaguzi ni karatasi. Uganda, tangu miaka ya 1960, ilijaribu njia nyingine: wapishi wa vijijini wauze pombe yao kwa kiwanda kilichoidhinishwa, ikakenekwe upya na kupimwa kabla ya kuwafikia watu. Hapa kwetu mabibo ya korosho huoza chini ya miti kila msimu katika mikoa ya Pwani, Lindi na Mtwara. Kama ukamuaji na ukenekaji wake ungekuwa na mlango halali, wenye maabara ndani yake, mkulima angepata senti na mnywaji angepata kinywaji kilichopimwa. Waskoti nao walikuwa wapishi wa maporini mpaka sheria ya mwaka 1823 ilipopunguza gharama za leseni, na wengi wao wakatoka mafichoni kwa hiari yao.

Wapo watakaosema kuwa heri kufunga mlango kabisa. Nawaheshimu, na wala pombe si chakula. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka tangu mwaka 1988 katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani. Lakini mlango tulioufunga mwaka 1966 una dirisha kubwa nyuma ya nyumba, na kila mtu anajua lilipo.

Basi ndugu msomaji, utakapokuwa na glasi mbele yako, iwe ya tembo la asubuhi au ya wiski iliyovuka bahari, tumia macho, pua na ulimi kwa subira, na usisifu ukali peke yake. Na pale ambapo hujui kilitoka kwenye pipa la nani, usiutume ulimi kazi isiyo yake. Kazi hiyo ni ya maabara.